Bati Lenye Mgongo Halitupwi

Mwanangu Kadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kimoyomoyo, maana abiria wa pembeni angekushangaa ukiitikia karatasi. Juu ya bahasha nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba usifungue mpaka basi lipite Madaba. Kama hamjatoka hata nje ya Songea na wewe umeshaichana, sitakugombeza. Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, na mama yako hajawahi kungoja kitu alichoambiwa angoje.

Mambo ya kula, kuvaa sweta na kutomwamini kila anayekuita dada sitayaandika. Shangazi yako Theofrida amekuhubiria wiki nzima mpaka nikaanza kumwonea huruma yeye, jinsi koo lilivyomkauka. Baba yako naye amesema yake yote kwa kukupigia viatu rangi, na unamjua, kwake hiyo ni hotuba ndefu. Mimi nina jambo langu moja. Jioni hii uliporudi kutoka kumuaga bibi yako Mpitimbi, hata mkoba hujautua, uliniuliza: "Mama, Mshangano imenyesha?" Nikakuambia kula kwanza. Ukala, ukauliza tena, nikakuambia nenda kaoge, maji yanapoa. Ukaniangalia kwa lile jicho lako. Basi nitakujibu humu, lakini kwa njia yangu, na usiruke kurasa.

Unakumbuka siku jumuiya iliposali nyumbani kwetu hapa Msamala, wewe ukiwa darasa la pili? Alikuja mama mmoja mgeni, kitenge chake kimenyooka kama cha dukani, akaniuliza ninajishughulisha na nini. Nikamjibu kwa Kiswahili cha redioni: "Nafanya biashara ya vifaa vya ujenzi." Wewe ukatoa kichwa nyuma ya pazia, ukapaza sauti: "Mama anauza mabati chakavu! Yako uani, njoo uyaone!" Loo! Jumuiya nzima ilicheka mpaka tukasahau tulikuwa tumefika wapi kwenye rozari. Wageni walipoondoka nilikufinya. Uliona kitu kizuri uani kwenu, ukataka mgeni akione, na mimi nikakufundisha kwa kucha zangu kwamba ni kitu cha kuficha. Nashukuru Mungu kwamba somo lile halikukuingia.

Nilikuwa naona aibu kwa sababu ya paa letu wenyewe. Unalijua: upande wa barabara bluu iliyofifia, upande wa uani rangi ya kutu, katikati bati moja jekundu ambalo baba yako alilipenda tu akalipachika. Wapita njia walituita watu wa nyumba ya viraka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama inavuja. Wale wenye paa jipya la msauzi, la rangi moja tupu, ndio niliowaona wakitega ndoo sebuleni kwa sababu fundi wao alipigilia misumari kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, halafu nikitoka nje naangalia chini. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akaona aibu, mwanangu. Ni ujinga, lakini nimeuishi miaka mingi.

Wewe hukuwa hivyo. Ulikua ukicheza katikati ya yale mabati, na kabla hujajua kusoma ulijua kugonga bati kwa kifundo cha kidole ukasikiliza. Bati lenye mgongo halitupwi, ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa wateja, na wewe ukaliimba neno hilo kama wimbo wa kuruka kamba. Ngazi zake ulizijua zote. Bati likichoka kwenye nyumba kubwa linahamia jikoni. Likichoka jikoni linakwenda kwa nguruwe, halafu linakuwa ukuta wa bafu, halafu banda la kuku, na kuku nao wakilikataa linakwenda kwa mafundi wa majiko ya mkaa. Tukipita njiani unanionyesha banda la mtu: "Mama, hili limefika wapi?" utadhani unauliza mtoto yuko darasa la ngapi.

Ndiyo maana sikushangaa mwaka huu ulipoingia uani mbio, jasho linakutoka, unatokea Mshangano. Ulikuwa pale shuleni kwa mafunzo ya vitendo, chini ya fundi aliyepewa kazi ya kuezeka upya madarasa. Ukasema, "Mama, wanayatupa! Lori linakuja kesho kuyapeleka dampo, yote!" Nikadhani umeona maiti.

Tulikwenda pamoja. Yalikuwa yamelundikwa nyuma ya vyoo, mabati ya zamani yale mazito ambayo viwanda siku hizi havitengenezi, na watoto wanayaruka. Na pembeni yake, chini ya turubai lililochanika, Mama Kevina mpishi alikuwa anakoroga uji wa shule nzima. Jiko lake lilikuwa mawe, nguzo nne na lile turubai. Ukamuuliza mvua ikinyesha anafanyaje. Akajibu bila hata kuinua kichwa: "Mvua ikinyesha watoto hawanywi uji, mwanangu. Moto nitaufunika na nini, na khanga yangu?"

Nilikuona ukiyatazama mabati, ukamtazama Mama Kevina, ukayatazama mabati tena. Nikajua biashara yangu ya siku hiyo imekufa, maana mimi nilikuja na mkokoteni.

Kwenye kikao cha kamati ya shule nilikaa nyuma, na nakuambia ukweli, nilikuwa na hofu kuliko wewe. Mzee Mbawala, mwenyekiti, alikuacha useme mpaka mwisho. Ulimwamkia kwanza, ukaomba ruhusa, ukaeleza: mabati haya haya, mbao hizo hizo za kenchi zilizobeba paa na kushushwa, tutachagua zilizo nzima, tujenge jiko. Akavua miwani yake. "Binti, mabati yaliyoshindwa darasani ndiyo yataweza jikoni?" Watu wakacheka. Wewe ukasema, "Hayakushindwa, mzee. Yamestaafu." Hapo kikao kikacheka upande wako.

Mzee Mbawala si mtu mbaya, ila hapendi kuchekwa. Akasema sawa, jengeni, lakini mvua ya kwanza kubwa ndiyo itakayotoa hukumu. Likivuja juu ya moto, mabati yote yanashuka na kwenda dampo yalikokuwa yanakwenda, na asisikie tena habari za chakavu shuleni kwake. Akanitazama mimi aliposema neno chakavu. Tangu siku hiyo ulikuwa unatazama mawingu kama mkulima wa tumbaku.

Halafu ikaja ile siku tuliyogombana. Usijifanye umesahau.

Kulikuwa na darasa moja la mwisho, la zamani kuliko yote, lililoezekwa kwa yale mabati ya kijivu ya simenti, asbesto mnayaita. Mimi nikafurahi! Hayashiki kutu, hayapigi kelele mvua ikinyesha, chini yake kuna baridi nzuri. Nilikuwa nimeshamwahidi jirani yetu mwenye nguruwe. Nikashika msumeno wangu ili niyapunguze yaenee kwenye mkokoteni, na wewe ukaruka kutoka juu ya ngazi, ukaunyakua msumeno mkononi mwangu mbele ya mafundi wote, ukanipigia kelele: "Mama, acha! Hayo hayakatwi! Vumbi lake linaingia kifuani halitoki!"

Yesu na Maria! Mimi, nikemewe na mtoto niliyemzaa, mbele ya wanaume walioshika nyundo? Nilikuambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilisema nimeyakata mabati hayo kabla hujazaliwa na bado napanda kilima cha Msamala na ndoo kichwani. Wewe hukunijibu kwa ukali tena. Sauti ilikukatika, ukasema, "Najua umeyakata, Mama. Nilikuwa nakukung'uta vumbi lile kwenye nywele. Ndiyo maana naogopa."

Nikaondoka na mkokoteni mtupu, nikanuna siku tatu. Baba yako alikula ugali wenye chumvi nyingi mpaka akauliza nani amekufa. Lakini wakati nanuna, nilikuwa nasikia. Nilisikia kwamba umemwita bwana afya wa kata, kwamba mabati yale yalimwagiwa maji kwanza ili yasitoe vumbi, yakashushwa mazima bila kuvunjwa, yakafungwa kwenye nailoni, yakachukuliwa na watu wanaojua pa kuyazika. Nilishangaa. Mtoto anayelilia bati la kutu lisitupwe ndiye huyo huyo anayesimama kusema hili lazima lizikwe. Mimi nilijua kuokota tu. Kujua cha kuacha sikujua, na hilo umenifundisha wewe.

Hospitali nilikwenda, kama ulivyonisumbua. Kifua wamekipiga picha, wamesema kiko salama na nirudi kila mwaka. Nitarudi. Usinipigie simu kunikumbusha.

Siku ya nne nilikuja Mshangano na nyundo yangu, na wewe ukanisogezea ngazi. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kujisikia vizuri kupita kiasi, na mtu akijisikia hivyo ndipo anapokosea.

Ulikuwa na utaratibu wako. Kila bati lipigwe brashi ya waya mpaka kutu iishe, lioshwe, lianikwe, ndipo matundu ya misumari ya zamani yazibwe kwa kipande cha bati na lami. Na wakati wa kuezeka, ulipanga kila tundu kuukuu liangukie chini ya bati linalofuata, ili hata kiraka kikichoka maji yasipate njia. Hilo sikulijua. Nilisimama chini nikakuangalia ukipima kwa kamba, penseli sikioni, na nikaona mafundi wale wale waliokuambia haiwezekani wakikuuliza, "Dada, hili tuliweke wapi?" Nilijifanya natafuta msumari uliodondoka. Machozi yalikuwa yananitoka, mwanangu, ya furaha, na sikutaka Mama Kevina ayaone maana angeyatangaza kata nzima.

Mimi nikachukua mabati ya upande wa bomba la moshi. Ukanipa brashi. Nikakuambia unaosha mabati utafikiri ni sahani za harusi. Nikapaka lami juu ya kutu, nikabandika kiraka, nikapigapiga kwa kiganja, basi. Ukaja, ukainama, ukaangalia. Nilikuona unaangalia. Ukaniuliza taratibu, "Mama, hapa tumekwangua?" Nikakujibu, "Naziba mabati tangu hujajua kutambaa." Ukanyamaza, ukapanda nalo juu.

Nataka tusimame hapa kidogo.

Kwenye asbesto ulinipigia kelele kwa sababu uliogopa nitakufa. Kwenye tundu ulinyamaza kwa sababu uliogopa nitaaibika. Yote ni mapenzi, nimeyapima yote mawili, na nimeona la kwanza ndilo lililonifaa. Ungeweza kukibandua kile kiraka nikiwa nimekwenda kunywa uji, ukakwangua, ukaziba upya, nisijue. Hukufanya. Najua ulisema moyoni kazi ya mama haibanduliwi. Hivyo ndivyo tulivyokulea, na sijutii, lakini heshima nayo ina mahali inapokaa na mahali inapovuja.

Huko Dodoma unakokwenda kuanza kazi utakuwa chini ya wakubwa. Mkandarasi wako, wahandisi wake, mafundi wenye mvi. Waamkie wote, na usiache. Lakini siku ukiona kiraka cha mkubwa kimekaa juu ya kutu, sema. Sema kwa adabu, sema pembeni kama kuna nafasi, lakini sema kabla bati halijapanda. Na nasikia kule wanabomoa na kujenga kila kukicha. Watakapokuwa wanapakia paa la mtu kwenye lori, wewe uliza tu linakwenda wapi. Swali lile lile ulilokuwa ukiuliza ukiwa na kigauni cha shule: hili limefika wapi? Wakikucheka, waambie mama yako anauza mabati chakavu Songea, na usilainishe neno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na paa kushuka si mwisho wa paa. Hayo nayajua. Mengine ya kusoma unayajua wewe.

Haya, nakujibu sasa.

Imenyesha. Ulipokuwa Mpitimbi, saa ya alasiri, wingu lilipanda jeusi kweli kweli, na upepo ukaanza kubeba vumbi la barabara. Nikafunga geti, nikamwacha mteja amesimama na bati mkononi, nikapanda bodaboda. Yule kijana alisema, "Mama, mvua hiyo inatupiga." Nikamwambia ndiyo hiyo ninayoifuata, kanyaga.

Ilitukuta kabla hatujafika. Mvua ya mwaka, Kadia! Niliingia kwenye lile jiko nimelowa mpaka kwenye mifupa, nikamkuta Mama Kevina amesimama katikati, mwiko mkononi, ameinua uso juu. Mzee Mbawala naye alikuwa pale. Alikuja na mwavuli, na akasimama nao umefunguliwa ndani ya jiko, makusudi, ili tuone. Sikumwamkia vizuri, Mungu anisamehe. Kelele juu ya mabati ilikuwa kubwa hata hatukuweza kusemeshana. Tukasimama tu watatu tunatazama juu, na sufuria la uji linachemka.

Nikaangalia kila mstari. Ulipopima kwa kamba, pakavu. Palipokuwa na matundu mengi kama chujio, pale ambapo mafundi walikuambia haiwezekani, pakavu. Kenchi zile kuukuu hazikutoa hata mlio. Niliweka kiganja changu chini ya maungio, moja baada ya jingine, na kila mara nilikirudisha kikavu. Moto uliwaka wima wakati wote, Mama Kevina akaanza kucheka peke yake. Halafu Mzee Mbawala akaufunga mwavuli wake. Aliufunga polepole, akaukung'uta, akauning'iniza kwenye msumari wako wa ukutani, akanyoosha mkono akaomba kikombe. Alikunywa uji wa watoto, mzito huo, hauna hata sukari ya kutosha. Mvua ilipopungua akaniambia, "Mama Kadia, lile darasa la awali nalo lina mabati yake chini. Binti anasafiri lini?" Nikamwambia kesho. Akasema, "Anatuacha wakati tumeanza kumjua." Nilitamani ungekuwepo umwone.

Watoto walikunywa uji leo mvua ikinyesha. Andika hilo popote unapoandika mambo yako.

Sasa lililobaki, na ndilo lililofanya nikukwepe mara mbili. Lilidondoka tone. Moja, likakaa, likaja jingine. Halikuangukia moto, liliangukia bega langu, karibu na bomba la moshi, na nilijua kabla sijatazama juu. Paa zima lile, mwanangu, linavuja mahali pamoja tu, na ni kwenye kiraka cha mama yako.

Nilisogea nikasimama pale pale mpaka mvua ikaisha, Mzee Mbawala asione. Bega hili lilikuwa limeshalowa tayari, nani angejua?

Ningekuambia jioni hii ungeahirisha safari. Nakujua. Ungeniambia basi ni kila siku, ungechukua ngazi alfajiri, na kazi yako Dodoma ingeanza kwa kuchelewa kwa sababu ya ukaidi wangu. Kwa hiyo nimenyamaza, na sasa uko mbali na ngazi. Kaa kwenye kiti chako.

Kesho nikishakupungia mkono pale stendi sitarudi nyumbani kulia, maana baba yako atalia kwa niaba yetu sote. Naenda Mshangano. Lami ninayo, kipande cha bati nimeshakikata, na Mama Kevina atanishikia ngazi. Brashi yako ya waya nimeitoa kwenye begi lako, usiitafute, utanunua nyingine huko. Nitakibandua kile kiraka kwa mkono wangu, na safari hii, mwanangu, kwanza nitakwangua.

Mama yako,
muuza mabati chakavu, Msamala